Kwa nini shaba ya Kolwezi inapita Tunduma wakati Kongo ina mto wake

Swali hili limetoka kwa kijana anayefanya kazi ya uwakala wa forodha Tunduma. Ameandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Kila siku napitisha nyaraka za malori ya mabamba ya shaba kutoka Kolwezi na Likasi kwenda bandari ya Dar es Salaam. Juzi dereva mmoja Mkongo alinitambia kwamba mto wao ni wa pili duniani kwa wingi wa maji, na unaingia baharini ndani ya nchi yao wenyewe. Nikamuuliza, sasa mnakuja kufanya nini huku kwetu? Akacheka tu. Naomba unieleze mto mkubwa hivyo umewasaidia nini katika biashara, na kama ni kweli kwamba vita vyote vya Kongo ni vya kuugombea mto. Halafu, hiyo reli ya Lobito, bandari ya Angola, tunayoisikia itatuachia kazi?"

Marahaba, mwanangu. Pole na foleni.

Dereva wako hakukudanganya. Mto Kongo humwaga baharini wastani wa mita za ujazo 41,000 kila sekunde, na ni Amazon peke yake unaouzidi. Una urefu wa kilomita 4,700 hivi na unavuka ikweta mara mbili. Upande mmoja wa bonde lake ukiwa na kiangazi, upande mwingine ni masika, ndiyo maana hauishiwi maji kama Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 hukauka hifadhini karibu kila mwaka. Hata hilo la kuingia baharini kwao ni kweli kwa kiasi: mdomo wa mto wanagawana na Angola, na pwani yao yote ni kilomita 40 tu hivi.

Kitu ambacho hakukwambia ni kwamba mto huo haujawahi kuwa njia moja. Ni vipande vya maji matulivu vilivyotenganishwa na maporomoko. Biashara ya nchi ile, tawala zake na vita vyake vimekaa kwenye mapengo hayo kuliko kwenye maji yenyewe. Ukilishika hilo, mengine yote yanafunguka.

Tuanzie jirani na kwako. Wanaopima urefu wa mto huo huanza kuhesabu kwenye Chambeshi, unaochimbuka nyanda za juu za kaskazini-mashariki mwa Zambia, upande wa Mbala. Treni ya TAZARA inauvuka kusini ya Kasama. (Ni hapo Chambeshi ambapo Jenerali von Lettow-Vorbeck, akiwa ametoka kupita Njombe na Mbozi na jeshi lake lililochakaa, alipata habari tarehe 14 Novemba 1918 kwamba Vita Kuu vilikuwa vimekwisha siku tatu kabla. Vijana wengi wa nyanda zetu walikufa wakibeba mizigo ya vita hivyo, lakini hiyo ni mada nyingine.) Chambeshi unaingia katika madimbwi ya Bangweulu, unatoka kwa jina la Luapula, unapita Ziwa Mweru, kisha unaungana na Lualaba. Hata maji ya Kalambo, yale yanayoanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Rukwa na Zambia, huishia Ziwa Tanganyika, na Tanganyika likifurika humwagia Lualaba kupitia mto Lukuga. Kwa hiyo sehemu ya maji ambayo dereva wako anajivunia imenyesha kwetu.

Lualaba wenyewe, ambao ndio Kongo kabla haujabadili jina, unapita karibu kabisa na Kolwezi. Wabelgiji waliujengea bwawa la umeme pale Nzilo kwa ajili ya migodi. Yaani shaba unayoipitishia nyaraka imechimbwa kando ya mto unaokwenda Atlantiki, halafu ikageuzwa kichwa ikaelekezwa Bahari ya Hindi. Una haki ya kushangaa.

Sasa hesabu nami. Tuseme mfanyabiashara ameamua kwamba mzigo wake ushuke na mto huo mpaka baharini. Kutoka Kolwezi atautia kwenye treni mpaka Bukama, kwa sababu juu ya hapo Lualaba haupitiki kwa chombo cha mizigo. Bukama atapakia kwenye tishari. Atashuka kilomita mia sita na ushee mpaka Kongolo, ambako mto unaingia kwenye mlango mwembamba wa mawe. Atashusha, apakie treni ya kilomita 355 mpaka Kindu. Kindu atarudi majini mpaka Ubundu. Pale yanaanza maporomoko saba ya Boyoma, kwa hiyo anashusha tena, anapakia treni ya kilomita 125 mpaka Kisangani. Kutoka Kisangani ndipo anapopata raha: kilomita 1,700 za maji mazuri hadi Kinshasa. Halafu Kinshasa mto unaanguka. Kati ya hapo na Matadi kuna maporomoko 32 na mteremko wa mita 270 hivi, na hakuna chombo kinachopita. Anashusha, anapakia treni ya kilomita 366. Matadi anapakia meli, maana kuanzia hapo meli za bahari zinaweza kupanda.

Umehesabu? Mzigo umeshushwa na kupakiwa mara saba. Ni sawa na kutoa gunia za viazi Isyonje kwenda Kariakoo, halafu uambiwe ubadilishe lori Makambako, Mafinga, Iringa, Mikumi, Morogoro, Chalinze na Kibaha, kila mahali ukilipa makuli, kila mahali ukingoja lori ambalo halijafika, na kila mahali gunia mbili zikipotea. Wewe wa forodha unajua zaidi kuliko mimi kwamba kinachomfilisi mwenye mzigo si umbali. Kinachomfilisi ni kushusha na kupakia.

Wabelgiji walijua hivyo, na hizo reli vipandevipande ni zao: ya Ubundu mwaka 1906, ya Kindu hadi Kongolo mwaka 1911. Baadaye wakatafuta njia fupi. Mwaka 1928 wakamaliza reli kutoka Katanga, lile jimbo la shaba penye Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mpaka Ilebo, bandari ya mto Kasai. Shaba ikawa inakwenda kwa treni hadi Ilebo, kwa tishari hadi Kinshasa, kwa treni tena hadi Matadi. Mara tatu badala ya saba. Wakaiita njia ya taifa, na serikali ikaipendelea kwa makusudi ingawa migodi ilikuwa na njia nyepesi zaidi: reli ya kusini iliyofika Lubumbashi tangu 1910, na kuanzia 1931 ile ya Benguela inayokwenda moja kwa moja Lobito. Serikali iliyokaa Kinshasa haikutaka mali ya Katanga itoke mlango wa nyuma. Hapo unaona biashara imekwisha na siasa imeanza.

Lakini turudi nyuma, kwa sababu watawala wa Kiafrika walikuwa wamekwisha kuyaelewa mapengo haya karne nyingi kabla.

Ufalme wa Kongo, ambao Mreno Diogo Cão aliukuta alipofika mdomoni mwa mto mwaka 1482, haukuwa na mji mkuu ukingoni mwa maji. Mbanza Kongo ulikaa mlimani, kusini ya mto, katika nchi inayoitwa leo Angola. Sababu inaeleweka: mto ule wa chini una maporomoko matupu, mtumbwi haupiti, kwa hiyo mwenye nguvu ni yule anayeshika njia za miguu kati ya pwani na bara. Kwa njia hizo zilipita nguo, chumvi na shaba, na baada ya Wareno kuingia, watu. Mfalme Afonso wa Kwanza alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawachukua raia wake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake, na nchi inabaki tupu. Biashara iliyompa ufalme nguvu ilikuwa imeanza kumla.

Na hapo ndipo penye vita vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 29 Oktoba 1665 jeshi la Wareno wa Angola lilimuua Mfalme António wa Kwanza pale Mbwila. Koo mbili za kifalme, Kimpanzu na Kinlaza, zikaanza kuuana kwa ajili ya kiti. Mji mkuu uliharibiwa mwaka 1678 na ukakaa gofu. Kila upande ukikamata mateka ukawauza pwani, ukanunua bunduki, ukarudi kukamata wengine. Msichana mmoja, Kimpa Vita, alihubiri kwamba ufalme urudi kuwa mmoja na watu warudi Mbanza Kongo. Alichomwa moto mwaka 1706. Kiti kilikuja kupata mtu mmoja mwaka 1709, chini ya Pedro wa Nne, lakini njia za biashara zilikuwa zimekwisha kuhamia mikononi mwa wengine. Angalia kwamba katika vita vyote hivyo hakuna aliyepigania maji.

Juu ya maporomoko, pale Malebo, mto unapotanuka kama ziwa kabla ya kuanguka, penye Kinshasa na Brazzaville sasa, walikaa Watio chini ya mfalme wao, Makoko. Kutoka bara walishuka Wabobangi na mitumbwi mikubwa iliyojaa pembe za ndovu, watumwa, samaki wa kukausha, vyungu na mihogo. Mwisho wao ulikuwa hapo. Watio walikuwa madalali. Halafu wapagazi wa upande wa pwani ndio walioteremsha mali kwa miguu mpaka baharini. Aliyetoka juu hakuruhusiwa kushuka, wa chini hakuruhusiwa kupanda, na Mtio katikati alikula pande zote mbili. Nadhani mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa sana kuhusu utajiri wa kukaa mahali ambapo mzigo lazima usimame. Kilingala kinachosemwa leo kuanzia Kinshasa hadi karibu na Kisangani kimetokana na lugha ya biashara ya wale Wabobangi.

Upande wa mashariki mambo yalikuwa yetu. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip wa Unguja, alijenga himaya yake kati ya Kasongo na Nyangwe, kwenye kipande cha mto ambacho hakikuunganika na kile cha magharibi. Mali yake haikushuka na maji; ilirudi Tabora na Bagamoyo kwa vichwa vya watu. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika kwake, akasindikizwa kipande cha safari, kisha akaufuata mto mpaka akatokea Boma Agosti 1877. Yeye ndiye aliyeithibitishia Ulaya kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja, na kwamba ukishayapita maporomoko ya chini, mbele yako kuna maelfu ya kilomita za maji ya kupita meli ukihesabu na matawi yake.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alielewa haraka kuliko wote maana ya habari hiyo. Katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 mataifa yalikubaliana kwamba Kongo uwe mto huru kwa vyombo vya kila nchi, na Leopold akaondoka na nchi nzima kama mali yake binafsi. Meli za kwanza zilipandishwa Malebo zikiwa vipande, zikivutwa na wapagazi milimani. Reli ya Matadi ilianza kujengwa 1890 ikafika 1898. Takwimu rasmi zenyewe zinakiri vifo vya watu 1,900 na zaidi, walioletwa kutoka Senegal, Sierra Leone, hadi Wachina wa Macau. Lakini baada ya reli hiyo, dola ikawa dola. Meli ikawa inapanda na askari na risasi, inashuka na mpira wa msituni uliokusanywa kwa kukata watu mikono na kuwateka wake zao. Bila kile kipande kirefu cha maji matulivu, unyama ule usingefika mbali hivyo ndani ya msitu. Mamilioni ya watu walipotea kwa risasi, njaa, maradhi na watoto ambao hawakuzaliwa, mpaka Ubelgiji ikamnyang'anya Leopold nchi mwaka 1908.

Tippu Tip naye alifanywa gavana wa Leopold pale Boyoma mwaka 1887, mpango wa ajabu uliodumu miaka michache tu. Swali lilikuwa moja: pembe za ndovu za bara zishuke magharibi na meli za Leopold au ziende mashariki na misafara ya Waunguja? Lilijibiwa kwa vita, kuanzia 1892 hadi 1894. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893. Wakubwa wa Kiswahili waliondoka au waliuawa, lugha ikabaki, na ndiyo maana wewe na madereva wa Lubumbashi mnaelewana bila mkalimani.

Hapa nitakuomba usimame kidogo, kwa sababu kuna mtu ambaye ndiye jibu halisi la swali lako na watu wa kwetu hawamsemi inavyostahili. Anaitwa Msiri. Alitoka Unyamwezi, akafuata shaba Katanga kama baba yake, akaanzisha dola ya Garenganze na mji wake wa Bunkeya. Aliuza shaba, pembe, chumvi na watumwa, huku akifungua milango miwili kwa wakati mmoja: mmoja mashariki kuelekea Tabora na pwani yetu, mwingine magharibi kuelekea Benguela, Angola. Mto hakuuhitaji. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Leopold, miezi minne tu baada ya Mkwawa kuwaangamiza Wajerumani pale Lugalo. Sasa tazama ramani ya leo: reli ya Lobito ni mlango wa Msiri wa magharibi, na barabara ya Tunduma ni mlango wake wa mashariki, ingawa umesogea kusini. Katanga ilikuwa imeupa mto kisogo kabla Mbelgiji hajachimba shimo la kwanza.

Ndiyo maana sikushangazwa kamwe na tarehe 11 Julai 1960. Kongo ilikuwa na siku kumi na moja tu za uhuru, na Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Alikuwa na migodi, alikuwa na Wabelgiji nyuma yake, na alikuwa na njia za kutokea baharini zisizopita Kinshasa. Kujitenga huko kulimalizwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa Januari 1963. Katikati ya hayo Patrice Lumumba aliuawa karibu na Lubumbashi tarehe 17 Januari 1961. Alikuwa ametoroka Kinshasa akielekea Kisangani, ngome yake. Hakukamatwa kwenye mto mkubwa. Alikamatwa kwenye kivuko cha Sankuru, tawi la Kasai. Inasimuliwa kwamba alikwisha kuvuka, akarudi kumfuata mkewe na mtoto waliobaki ng'ambo. Angefika Kisangani, sijui Kongo ingekuwa ipi leo.

Na Kisangani ndiyo mji wa kuutazama katika kila vita. Ni mahali kipande kirefu cha maji kinapoishia, kwa hiyo anayeushika anakuwa na mashariki yote mkononi, lakini Kinshasa hafiki kwa urahisi; na wa Kinshasa naye anamwona mwenzake mwisho wa mto bila kuweza kumng'oa. Mto huo umegawa nchi katika nusu mbili ambazo kila moja inaweza kujitawala na hakuna inayoweza kuimeza nyingine haraka. Waasi wa Simba waliuteka mji Agosti 1964, wakatangaza serikali yao, wakajaribu kusonga magharibi wakakwama. Walitolewa tarehe 24 Novemba na askari wa miavuli wa Ubelgiji walioshushwa na ndege za Marekani, huku safu ya jeshi na mamluki ikifika kwa barabara. Mabaki yao yaliendelea kupigana upande wa Ziwa Tanganyika. Wazee wa Kigoma wanakumbuka silaha zilivyopita pale, na Che Guevara alivyovuka Aprili 1965 na Wacuba wake, akarudi Novemba mikono mitupu.

Miaka 32 baadaye ikawa vilevile. Laurent Kabila aliuchukua Kisangani Machi 1997, na kila mtu akajua Mobutu amekwisha. Mei akaingia Kinshasa. Mwaka uliofuata waliomsaidia wakamgeuka, na safari hii wakalenga pengo lile jingine. Agosti 1998 wanajeshi wa Rwanda na waasi walirushwa kwa ndege kuvuka bara zima mpaka Kitona, karibu na bahari. Wakachukua Matadi, bandari inayoilisha Kinshasa, na bwawa la Inga, lililojengwa kwenye maporomoko hayohayo. Jiji la mamilioni ya watu likabaki gizani, bila umeme wala unga. Hakuna mahali pengine ninapojua ambapo mtu anaweza kuukaba mji mkuu kwa kushika kilomita chache za mto ambao hata haupitiki. Angola na Zimbabwe ziliingilia kati, waasi wakafukuzwa magharibi, na vita vikahamia kule mto unakopitika.

Hapo mto ukafungwa. Serikali ilishika Mbandaka kushuka chini, waasi wa Jean-Pierre Bemba walikaa kaskazini, na Kisangani ikawa chini ya Rwanda na Uganda. Mji uliozoea kupokea chumvi, sabuni na mafuta kwa tishari ukabaki kutegemea ndege na wachuuzi waliosukuma baiskeli mamia ya kilomita msituni. Kisha majeshi hayo mawili, ya nchi ambazo hakuna hata moja inayopakana na mji huo, yakageukiana. Yalipigana humo mara tatu. Mbaya zaidi ilikuwa ile ya siku sita za Juni 2000, mizinga ikiruka juu ya nyumba za watu na kuua raia kwa mamia. Almasi ilikuwa chambo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda mwaka 2022 kulipa dola milioni 325 kwa madhara iliyoyafanya Kongo katika vita vile. Njia ya maji ilianza kufunguka polepole baada ya Umoja wa Mataifa kusindikiza misafara.

Basi jibu la sehemu ya pili ya swali lako ni hapana, isipokuwa kwa upande mmoja. Wanagombea mahali mto unapokatika, kwa sababu hapo ndipo penye bandari, reli, umeme na kodi. Na vipo vita ambavyo havina habari na mto kabisa. Hivi vya Kivu, ambavyo Januari 2025 viliiondoa Goma mikononi mwa serikali na ambavyo vimewaua hata askari wetu, ni vya ardhi, uraia, wakimbizi wa 1994 na madini yanayotokea mashariki. Anayekwambia kila risasi ya Kongo ina sababu moja, muulize anauza nini.

Kinshasa yenyewe inajua udhaifu wake. Mobutu alijenga laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Inga mpaka Kolwezi, ingawa Katanga ilikuwa na maji ya kutosha kujizalishia wa kwake. Inapita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Mimi naiona kama kamba: aliyeko Kinshasa alitaka awe na swichi ya migodi mkononi. Na daraja kubwa juu ya mto kutoka Kisangani hadi baharini ni moja tu, la Matadi, lililofunguliwa 1983. Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana, haina daraja kati yake. Mwaka 1997 Brazzaville ilipopigana wenyewe kwa wenyewe, makombora yalivuka mto yakaangukia Kinshasa.

Sasa kazi yako. Reli ya Benguela ilikatika mwaka 1975, vita vya Angola vilipoanza. Njia ya taifa ya Ilebo ikaelemewa, kisha ikachoka pamoja na Mobutu: mabehewa yakaoza, mchanga ukajaa mtoni, injini zikakosa vipuri. TAZARA ilikabidhiwa 1976, ikabeba sehemu, nayo ikachoka kwa namna yake. Mzigo ukahamia kwenye matairi, ukapita Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ukaja kwako.

Lobito imerudi. Tangu 2023 upande wa Angola umekodishwa kwa kampuni za nje kwa miaka 30, na shaba imeanza kupita. Kutoka Kolwezi ni karibu kuliko Dar es Salaam, ambako lori hutembea zaidi ya kilomita 2,000, kwa hiyo sitakudanganya kwamba hakuna mzigo utakaohama. Lakini kipande cha reli ndani ya Kongo, kutoka Kolwezi hadi mpakani Dilolo, ni kibovu na kitahitaji fedha nyingi. Tena sehemu kubwa ya shaba ile inakwenda China, na meli ya China inaanzia vizuri Bahari ya Hindi. Kubwa zaidi, lori linalorudi na shaba lilipanda na kitu: salfa ya viwandani, mafuta, mitambo, bidhaa za Kariakoo. Mzigo wa kupanda ndio unaolipia wa kushuka, na Lobito bado haina wa kupanda unaolingana na wa Dar.

Ninachokiona mimi kikija ni treni upande wetu pia, kwa sababu TAZARA inazungumziwa upya kila mahali. Nyaraka za mzigo wa behewa haziendi kama za lori: dhamana ni tofauti, mizani ni tofauti, na mwenye jukumu mzigo ukipungua njiani ni mwingine. Stesheni iko hapo hapo Tunduma. Ningekuwa na umri wako, ningekwenda kuzisoma sasa wakati foleni ya malori bado inanilipa.